Msiilaumu Dawa, Laumuni Tambara

Gari likipata mikwaruzo baada ya kuoshwa kwa dawa ya kupuliza, bila maji, lawama huangukia dawa na kijana aliyeishika. Mimi napinga lawama zote mbili. Mwenye kosa ni yule aliyemkabidhi kijana kopo la dawa na tambara moja, akamwamuru amalize magari kumi kabla ya jioni.

Nasema hivi kwa sababu wakati wa likizo naosha magari hapa Kampala ili nipate karo. Nimeona wenzangu wakikatwa ujira kwa mikwaruzo iliyokuwa imeshajificha ndani ya tambara hata kabla hawajaligusa gari.

Vumbi letu jekundu lina chembe za mchanga ngumu kiasi cha kukwaruza kioo. Tabaka la juu la rangi ya gari, lile la vanishi linalong'aa, kwa kawaida lina unene wa mikroni 40 hadi 50 tu. Halizidi sehemu ya ishirini ya milimita moja. Dawa nzuri hulegeza uchafu na kuleta utelezi kati ya chembe na rangi. Lakini chembe zikishalegea, zitakwenda wapi? Anayetumia maji mengi, maji huzichukua. Anayetumia dawa, wa kuzichukua ni kitambaa peke yake. Basi anayebania vitambaa ni sawa na anayeosha gari kwa kikombe kimoja cha maji.

Kazi yenyewe haina uchawi. Gari lisimame kivulini, bodi ipoe. Pulizia sehemu moja moja, tena kwa wingi, kisha subiri kidogo uchafu ulainike. Kunja kitambaa cha maikrofaiba mara mbili, upate nyuso nane. Futa kwa mstari mmoja, bila kukandamiza wala kuzungusha, kisha geuza upande safi. Malizia kwa kitambaa kingine kikavu. Sehemu za chini karibu na magurudumu ziwe za mwisho, na ziwe na vitambaa vyake. Kitambaa kikianguka chini, kisirudi kwenye gari mpaka kifuliwe.

Wapo wanaosema turudi kwenye ndoo. Ndoo ipi? Ile yenye tambara lilelile na maji yaliyogeuka uji mwekundu tangu gari la tatu? Hiyo nayo hukwaruza. Isitoshe, maji ya sabuni yanayoingia mfereji wa Nakivubo huishia Ziwa Viktoria, katika ghuba ileile ambamo mitambo ya Ggaba huchota maji tunayokunywa.

Hata hivyo, sitetei ujinga. Gari lililoganda tope lisuuzwe kwanza kwa maji. Anayelazimisha dawa juu ya tope hasafishi, anapiga msasa.

Wenye vituo, nunueni vitambaa kabla hamjanunua kopo la pili. Wenye magari, kabla ya kukabidhi funguo ulizeni: langu litafutwa kwa vitambaa vingapi? Mkijibiwa kimoja, ondokeni. Na kijana aliyenyimwa vifaa asikatwe hata shilingi moja kwa mkwaruzo ulionunuliwa na ubahili wa tajiri wake.