Klimatizeri kubwa mno inaleta kikohozi nyumbani



Leo ninataka tuzungumze juu ya klimatizeri, sana sana ile moja ya nyumba nzima, ambayo inafichwa juu ya plafoni na kupeleka baridi katika kila chumba kwa njia ya mabomba makubwa ya hewa. Zamani kilikuwa kitu cha wakubwa. Siku hizi mafundi, makapita na wastaafu wanaojijengea nyumba Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wanaitaka nao. Siwalaumu hata kidogo. Mtu aliyetoka posti ya usiku anapashwa kulala mchana, chini ya manjanja yenye kuwaka jua, watoto wakipiga kelele dirishani. Asipolala, usiku atapanda tena lori la mgodi na macho mazito. Kwa mtu huyo chumba cha baridi ni chombo cha usalama kama kofia na viatu vya kazi. Ninachokataa ni namna tunavyoinunua.

Namna yenyewe mnaijua. Mtu anaingia dukani na feza ya likelemba mfukoni. Muuzaji hamuulizi nyumba ina mita ngapi, wala kama ina plafoni. Anamwambia tu: « Baba, kamata hii ya tani 5, utasikia baridi mara moja. » (Tani hapa si ya uzito. Ni kipimo cha nguvu ya kutoa joto: tani 1 ni BTU 12.000 kwa saa, kama inavyoandikwa kwenye sanduku.) Jirani ana ya tani 3, basi baba anakamata ya 5. Ni sawa na mtu wa mguu namba 40 kununua kiatu namba 45 kwa sababu kina ngozi nyingi.

Kwanza tujue adui wetu ni nani. Lubumbashi iko juu, karibu mita 1.200, na Kolwezi inaizidi. Mwezi wa joto kwetu ni Oktoba, na wakati ule hewa ingali kavu. Kisha mvua inaingia, tangu Novemba mpaka karibu Aprili. Pimeni joto la Januari, mchana na usiku pamoja: ni kama digri 22 tu. Je, hilo ni joto la kumsumbua mtu? Lakini shati linakaa kambani siku mbili bila kukauka, chumvi inageuka maji, viatu ndani ya kabati vinaota kuvu nyeupe. Katika miezi ile adui ni unyevu, yaani maji yaliyo ndani ya hewa. Ndugu aliyetoka Kinshasa au Matadi, ambako joto na unyevu vinakuja pamoja, akikushauri ununue mashine yenye nguvu, anakushauri kwa hewa ya kwao.

Sasa, mashine inakausha hewa namna gani? Angalia chupa ya Simba iliyotoka kwenye frigo. Baada ya muda kidogo inatoka jasho. Jasho lile si bia, ni maji ya hewa yaliyoganda juu ya kioo baridi. Ndani ya klimatizeri kuna mabomba membamba ya baridi, na maji ya hewa yanaganda juu yake vivyo hivyo, yanadondoka katika sahani, yanatoka nje kwa mpira. Lakini inahitaji muda. Mabomba yanapashwa kupoa kwanza, kisha yalowe, kisha ndipo maji yaanze kutoka. Dakika 10, 15, mara nyingine zaidi.

Mashine ya tani 5 katika nyumba ndogo haipati muda huo. Inapuliza baridi kwa nguvu, nyuma ya dakika chache termostati inaona digri zimefika, inazima. Maji yaliyokuwa juu ya mabomba hayajatoka bado. Kama feni inaendelea kuzunguka, inayarudisha yote chumbani! Basi nyumba ina baridi na maji pamoja, kama pango. Shuka zinakuwa baridi na zenye unyevu. Baba anaona hewa nzito, anashusha mpaka digri 18, na sasa ukuta wenyewe unakuwa baridi na kutoka jasho kama ile chupa. Nyuma ya kabati, pahali hewa haipiti, kuvu nyeusi inaanza.

Hapo ndipo jambo hili linafika kwetu dispanseri. Wakati wa mvua mama analeta mtoto anayekohoa usiku na kupiga filimbi kifuani. Anapewa dawa, anapona, anarudi. Tukiuliza analala wapi, jibu mara nyingi ni lile lile: chumba kilichofungwa, ukuta una madoa meusi. Kuvu inaamsha asima kwa mtu aliye nayo, na vile vidudu vidogo vya godoro, ambavyo jicho halivioni, vinapenda sana unyevu. Siropu haitaondoa kuvu ukutani. Sisi watu wa afya tunataka unyevu wa nyumba usipite 60 kwa mia. Kuna kipimo kidogo cha kuuonyesha, kinatundikwa ukutani kama saa, na bei yake si kitu mbele ya bei ya mashine. Kinunueni mbele ya mashine yenyewe. Huenda mtaona kwamba shida yenu ni manjanja yanayovuja, au bomba la maji lililopasuka chini ya ukuta. Hakuna klimatizeri itakayomaliza maji ya namna hiyo.

Basi, yule ambaye kweli anataka mashine ya nyumba nzima afanye hivi. Aweke plafoni kwanza, na kitu cha kuzuia joto juu yake, maana joto la mchana linashuka kutoka kwenye manjanja. Apande mti au aweke kibaraza upande wa magharibi. Kisha amwite fundi apime: mita za nyumba, madirisha, watu wanaolala humo. Nyumba ya mita 80 za mraba, yenye plafoni nzuri na kivuli, mara nyingi tani 2 zinaitosha hapa kwetu. Itafanya kazi muda mrefu, taratibu. Katika jua la Oktoba itazunguka karibu mchana wote na majirani watasema imeshindwa. Waache waseme, mashine inayozunguka muda mrefu ndiyo inayokausha.

Kama mfuko unaruhusu, akamate ile ya inverta, inayojipunguza yenyewe badala ya kuzima na kuwaka. Amwambie fundi aipunguze kidogo hewa inayopita: karibu mita kibu 600 kwa saa kwa kila tani, badala ya zile 680 za kawaida, ili hewa igusane vizuri na mabomba ya baridi. Feni iachwe kwenye « auto », izime pamoja na mashine. Digri 25 au 26 zinatosha kulala.

Mabomba ya hewa juu ya plafoni ndiyo yanayoharibu kazi mara nyingi. Kule juu kuna joto, vumbi na panya. Yakiwa na tundu, mashine inavuta hewa ile na kuileta kitandani kwa mtoto. Yanapashwa kuvikwa vizuri na kufungwa kila kiungo, na baba apande ngazi aangalie kwa macho yake mbele ya kulipa. Filtri ioshwe kila mwezi, na wakati wa vumbi la Agosti na Septemba kila juma mbili. Mpira wa maji utoke mbali na ukuta. Maji yake yasikae ndani ya ndoo wazi, mbu watazaa. Na chandarua kibaki kitandani, baridi haizuii malaria.

Yule ambaye nyumba yake ni vyumba viwili bila plafoni, mimi ninamwambia wazi: acha mashine ya nyumba nzima. Nunua klimatizeri moja ndogo ya ukutani, ya BTU 9.000, kwa chumba kimoja cha mita 12 mpaka 15, na chumba hicho kiwe cha yule anayelala mchana. Feza inayobaki itengeneze dari.

Umeme nao una neno lake. Kurani ya SNEL inashuka na kupanda, na mashine kubwa inapowaka inavuta kwa nguvu mpaka taa za nyumba zinafifia. Ndogo inasumbua kidogo. Kurani ikikatika, msiweke grupu karibu na dirisha, wala msiingize mbabula ya makala ndani ya nyumba iliyofungwa kwa ajili ya klimatizeri. Moshi usioonekana unaua watu wakiwa usingizini.

Kwa wakubwa wa kazi wanaopanga majengo nina ombi moja. Katika kompani nyingi mashine inafuata cheo: shefu anapewa kubwa, kapita ndogo, mlinzi wa mlangoni hakuna. Ofisi ya shefu yenye mita 12 inatoka jasho ukutani, na ukumbi wanapopumzika watu wa tanuru una kajimashine kasichoweza kitu. Tumeni mtu mwenye mita na kipimo cha unyevu apite kila chumba, aandike, na oda ya mwaka ujao ifuate karatasi yake.