Makala ya Bukavu yanatoka wapi?

Kila asubuhi akina mama wanaingia Bukavu na magunia ya makala mgongoni. Saa moja ikifika, makala yako sokoni Kadutu, yamegawanywa kwa ndoo. Mnunuzi anauliza bei tu. Hakuna anayeuliza yametoka wapi, ingawa wengi wanajua: sehemu yake inatoka ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega, ambayo ofisi yake ya Tshivanga iko kilomita 30 hivi kutoka mjini.

Mbuga hii iliundwa 1970 kwa ajili ya sokwe wakubwa wa Grauer, ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa mashariki ya Kongo. Upande wa milimani walihesabiwa karibu 250 mwaka 1996. Vita vikapita, na mwaka 2000 walibaki karibu 130. Tembo wa upande huo waliuawa karibu wote, na pengo lao linaonekana mpaka leo: tembo ndio waliokuwa wanafungua njia na kula mimea inayotambaa. Sasa mimea hiyo inapanda juu ya miti na kuifunika, na miti midogo inakosa mwanga.

Lawama ya kukata miti mara nyingi inaangukia Batwa. Ni kweli, tangu warudi mbugani mwaka 2018 miti mingi imekatwa kwenye maeneo waliyokaa. Lakini Batwa walifukuzwa katika msitu huo miaka ya 1970 bila kupewa ardhi, na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu imesema wazi kwamba haki zao zilivunjwa. Halafu, gunia moja likifika mjini, limepitia mikono mingapi? Mwenye kukata anapata kidogo kuliko wote. Kuna wenye magari, kuna wenye silaha wanaotoza njiani, kuna wachuuzi. Hao hawatajwi sana.

Kumkamata mama mwenye gunia mgongoni ni kazi rahisi, na haiponyi mti hata mmoja. Mji huu unapika kwa mbabula kwa sababu umeme unakuja saa chache, mitaa mingine hauji kabisa, na gazi ni ya wenye pesa. Viongozi wanaosema wanapenda sokwe waanze hapo: umeme wa kupikia, mikaratusi ya makala kwenye vilima vitupu vya Kabare, na ardhi ya kulima kwa Batwa, yenye karatasi mkononi mwao.