Swala wa Serikali, Majani Yangu

Niliulizwa barazani: swala alalaye shambani mwangu ni wangu? La, bwana. Mnyama ni wa Serikali. Majani anayokula ndiyo yangu.

Uwindaji ulipigwa marufuku 1977. Sheria ya 2013 ikamruhusu mwenye ardhi kuanzisha hifadhi, lakini kitoweo hapati. Hata akichinja kwa Bismillahi, askari hamsikizi!

Huko Ishaqbini, Garissa, wafugaji Waislamu wenzetu walitenga ardhi ya jamii, na 2012 pakazungushwa ua kumlinda hirola, swala adimu mno. Nawapongeza. Lakini mwenye ekari tano na mbuzi kumi atenge majani kwa malipo gani? Mimi nasema alipwe kodi ya malisho, kama alipwavyo mwenye nyumba. Asipolipwa atafyeka, achome makaa.