Gari Lisilowashwa ni Faili Lisilofunguka

Leo naweka msimbo kando kidogo. Wanaonifahamu wanajua kwamba nikiondoka kwenye tarakilishi, ugonjwa wangu wa pili ni magari ya zamani ya mashindano. Basi kazi iliponipeleka Ujerumani, siku yangu moja ya mapumziko iliishia yote katika makumbusho ya Porsche, Zuffenhausen, Stuttgart. Treni ya S6 inakushusha pale pale mbele ya jengo.

Sitawachosha na orodha ya magari. Nina hoja moja: mashine inahifadhiwa kwa kufanyishwa kazi. Ukiifuta vumbi tu, umehifadhi bati.

Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 2009 na huonyesha takriban magari 80. Kilichonishika zaidi hakiko huko juu kwenye maonyesho. Kiko chini karibu na mlango: karakana yenye ukuta wa kioo, ambapo unawaona mafundi wakifungua injini za magari hayo hayo. Mengi hutolewa nje na kwenda kukimbia kwenye mashindano ya magari ya kale.

Kwa nini hili ni muhimu? Mwanaprogramu atanielewa haraka. Unaweza kuwa na faili la mwaka 1985, zima kabisa, lakini kama hakuna programu inayolifungua, una nini mkononi? Gari nalo ni hivyo. Likikaa miaka bila kuwashwa, petroli huacha utando kwenye mabomba na sili za mpira hukauka. Baya zaidi, fundi aliyejua kulisikiliza kwa sikio anastaafu bila kumfundisha mtu. Siku hiyo ujuzi umepotea, na chuma bado kinang'aa.

Najua pingamizi. Gari likikimbia linachakaa, sehemu asilia zinabadilishwa, na likigonga ukuta basi tena. Kweli kabisa. Ndiyo maana kila badiliko liandikwe, kama sisi tunavyoandika kila badiliko la msimbo: nini kilitolewa, lini, na kwa nini.

Bila kumbukumbu ya namna hiyo, hata gari linaweza kudanganya. Chukua Porsche 917 nambari 001, ya kwanza kabisa ya aina yake, iliyoonyeshwa Geneva Machi 1969. Mwaka 1970 Hans Herrmann na Richard Attwood waliipa Porsche ushindi wake wa kwanza wa jumla kule Le Mans, wakiwa na 917 nyingine ya rangi nyekundu na nyeupe. Baadaye 001 ilipakwa rangi hizo za mshindi, na kwa miaka mingi watu walipiga picha mbele ya gari ambalo halikushinda mbio zile. Kwa maadhimisho ya miaka 50, mwaka 2019, ilirudishwa katika umbo na rangi zake za Geneva. Nawapa heko. Hilo liliwezekana kwa sababu historia ya chasisi ilikuwa imeandikwa.

Sasa tuje nyumbani, maana hapa ndipo panaponiuma.

Katika mkusanyiko wa makumbusho hayo kuna 911 SC ya Safari Rally ya 1978, yenye michirizi ya Martini, iliyoinuliwa sentimita 28 kutoka ardhini kwa ajili ya mawe na matope yetu. Mwaka huo Vic Preston Mdogo alimaliza wa pili na Björn Waldegård wa nne, nyuma ya Peugeot 504 ya Jean-Pierre Nicolas, baada ya takriban kilomita 5,000. Barabara zilikuwa zetu. Kumbukumbu inatunzwa Stuttgart.

Siwalaumu Wajerumani. Gari ni lao na wanalitunza vizuri. Swali ni letu. Safari Rally ilianza mwaka 1953. Joginder Singh aliishinda mara 3, Shekhar Mehta mara 5. Magari tumeanza kuyafufua: tangu 2003 mbio za East African Safari Classic zinayarudisha barabarani, na mwaka 2011 Waldegård yule yule alizishinda akiendesha 911. Hayo kwangu ni makumbusho hasa, tena yenye vumbi halisi.

Tunachokosa ni ile nusu nyingine, yaani maandishi. Wako wazee waliobadilisha giaboksi kando ya barabara usiku, kwa tochi, magari yakisubiri. Wengi wametutoka, na waliobaki hawatangoji tujenge jengo la vioo.

Na hii si kazi ya serikali peke yake. Simu yako inarekodi sauti. Skana ya dukani inatosha kwa picha na ratiba za zamani. Kuunda hifadhidata ya dereva, gari, nambari ya chasisi na fundi ni kazi ya wikendi moja kwa mtu aliyesoma nilichosoma mimi. Nimeshaanza kuchora majedwali. Kama babu yako aliwahi kushika spana kwenye Safari, kaa naye Jumapili hii, mwulize, na umrekodi.