Hakuna Barakoa ya Kimaasai, Wasee

Ukitoka Nairobi kuja Naks, kabla uteremke Mai Mahiu, kuna vibanda vya vinyago pale watalii husimama kupiga picha za Bonde la Ufa. Uliza zile barakoa ni za nani. "Za Wamaasai."

Manze, tuache huo uongo. Wamaasai hawana mila ya kuchonga barakoa. Zile sura ndefu zilizobonyea mashavu zimeigwa kutoka Gabon, Kongo na kwingineko. Simlaumu mwenye kibanda, ana rent ya kulipa. Shida yangu ni hilo jina, na wale wanaowaambia wachoraji wa hapa Nakuru eti "chora barakoa, ndiyo inauza."

Mbona nakasirika? Kwa sababu Paris walifanya vivyo hivyo. Mwaka 1906 mchoraji Derain alinunua barakoa ya Wafang, watu wa Gabon na majirani zake. 1907 Picasso akaingia jumba la makumbusho la Trocadéro, akaona barakoa za Afrika, na mwaka huohuo akamaliza picha ya wanawake watano, wawili wakiwa na nyuso kama za barakoa. Hapo kubizimu ikaanza kuchipuka, na baadaye michoro isiyofuata sura halisi kabisa. Picasso tunamjua sote. Aliyechonga je? Hakuna aliyejali kuandika jina lake. "Sanaa ya Waafrika" ilitosha. Sasa sisi tukiandika "ya Kimaasai" juu ya kitu cha Wafang, tuko tofauti na wao wapi?

Na usidhani ni mambo ya zamani. 2022, Ufaransa, barakoa moja ya Wafang iliuzwa kwa mnada yuro milioni 4.2. Gabon ikaenda kortini kuidai, ikakataliwa.

Halafu kuna mtu anakuambia ukichora mistari na rangi tupu unaiga wazungu. Buda, umewahi kuangalia ngao ya Kimaasai vizuri? Ile michoro inaitwa sirata. Nyekundu, nyeupe, nyeusi, hakuna uso, hakuna mnyama, lakini anayejua kuisoma anakuambia mwenye ngao ni wa rika gani na ametoka wapi. Na ngao yenyewe iko katikati ya bendera yetu!

Kwa hivyo chora unachotaka. Ukichora barakoa ya Wafang, sema ni ya Wafang. Ukiuza kinyago, andika nyuma jina la aliyekichonga na kwao. Biro ni mbao tu.