Kufunga faili si kumtupa mtoto

Kila mradi wa kuwatoa watoto kwenye migodi ya kobalti unapokaribia kwisha, maneno ni yaleyale hapa Kolwezi, jimbo la Lualaba, Kongo.

"Mkiondoka mmetutupa," mama wa mtaa wa Kasulo humwambia mhudumu wa jamii. Uchungu wake naujua, ila anayemtupa mtu ni yule aliyeingia nyumbani mwake bila kusema atatoka lini. Mwisho hutajwa siku ya kwanza: tutakwenda pamoja mpaka hapa, kisha mtaendelea wenyewe.

Wakuu wa miradi nao wana lao: mtoto akisharudi shuleni, faili ifungwe. Hili nalikataa kabisa. Shule ya msingi ya serikali ilifanywa bure mwaka 2019, sekondari haikuguswa. Mtoto anamaliza darasa la sita, mhudumu alishaondoka, na karo inamrudisha mtoni kuosha mawe. Kabla ya kufunga, ulizia sufuria kwanza, daftari baadaye: je, nyumba hii inaweza kula bila shimo la mgodi? Masista wa Kikatoliki wa Bon Pasteur, walioanza kazi Kolwezi mwaka 2012, hawakuishia darasani. Waliwaingiza wazazi katika kilimo na kazi nyingine. Faili ya nyumba yenye shamba linalozaa inafungika. Ile yenye sare mpya tu, bado.

Halafu husemwa kwamba fedha zikikatika, kazi imekwisha. Wenyeji wa Lualaba wanaijua hali hiyo. Kuanzia mwaka 2003 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kwa fedha za Benki ya Dunia, iliwaachisha kazi watu 10,655, na familia zilizozoea shule na hospitali za kampuni zikabaki zikijitazama. Wengi walishika sururu wakaenda kuchimba wenyewe. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada ya USAID, miradi ilisimama ghafla sehemu nyingi za Kongo. Mfadhili ana haki ya kuondoka. Hana haki ya kuondoka na faili. Ikabidhiwe ofisi ya serikali ya mambo ya kijamii, mbele ya mzazi, hata kama ofisi hiyo haina cha kujivunia.

Kuhusu mhudumu na familia kuendelea kutumiana pesa na salamu kwa simu baada ya kuagana: huo si wema, ni kazi isiyo na msimamizi.

Wafadhili, katika bajeti ijayo tengeni fedha za miezi ya kuagana, na msiruhusu zihamishiwe kwenye semina.