Tusiulize "Nani?", Tuulize "Nini?"



Mwezi uliopita tulikwenda kumjulia hali mama mwenzetu aliyelazwa hospitali. Tulibeba uji kwenye chupa na machungwa, kama ilivyo desturi yetu. Mama huyu alikuwa amekaa na uvimbe kwenye titi kwa miezi minane bila kumwambia mtu, hata mumewe. Alipotuona alilia, kisha akauliza: "Jamani wenzangu, ni nani kanifanyia hivi?"

Tulimshika mkono tukakosa la kusema. Mmoja wetu akaanza kumtaja jirani, tukamkonyeza anyamaze. Lakini njiani tukirudi tuliona aibu, kwa sababu swali hilo ndilo lililomchelewesha mwenzetu. Muda ambao angeutumia kupimwa aliutumia kumtafuta mtu wa kumlaumu. Kwa hiyo mwezi huu tumeona tulijibu swali lake, japo kwa kulibadilisha kidogo. Tusiulize ni nani. Tuulize ni nini.

Miili yetu imejengwa kwa chembe hai ndogo sana, ziitwazo pia seli. Ndani ya kila chembe zimo protini. Tumezoea kusikia protini tukiambiwa tuwape watoto maharage na mayai, lakini protini za mwili ndizo pia wafanyakazi wake. Zipo zinazoiamuru chembe igawanyike ziwe mbili, kidonda kipate kupona au mtoto apate kukua. Wafanyakazi hawa hawatakiwi kufanya kazi usiku na mchana. Mwili huwaamsha kwa kuwabandika kitu kidogo kiitwacho fosfeti, na kazi ikiisha huibandua.

Mama anayepikia jiko la mafuta ya taa ataelewa upesi. Ukizungusha upande mmoja, tambi hupanda na moto hukolea. Ukizungusha upande wa pili, moto hupungua. Sasa fikiria jiko limekwama tambi zikiwa juu kabisa. Mafuta ni yaleyale na jiko ni lilelile, lakini nyumba inaweza kuungua. Saratani nyingi huanza hivyo. Protini ya kukuza chembe hukwama ikiwa imewashwa, nazo chembe huendelea kugawanyika bila kusikia amri ya kuacha.

Je, jambo hili lilijulikanaje? Habari yenyewe inaanza na kuku. Mwaka 1911, huko New York, daktari Peyton Rous alieleza kwamba alichukua uvimbe wa kuku mgonjwa, akauponda na kuuchuja mpaka isibaki chembe hai hata moja, kisha akawadunga kuku wengine maji yake. Nao wakapata uvimbe. Ndani ya maji yale mlikuwa na virusi. (Msiogope, akina mama: virusi hivyo ni vya kuku, na kula nyama ya kuku hakumpi mtu saratani.) Kwa miaka mingi wataalamu walijiuliza virusi vile vinaifanyia nini chembe.

Jibu lilipatikana mwaka 1979 katika Taasisi ya Salk, huko La Jolla, California. Mtaalamu mmoja Mwingereza, Tony Hunter, alikuwa akichunguza virusi vingine, vinavyosababisha uvimbe kwa panya. Alitaka kujua fosfeti hubandikwa mahali gani kwenye protini. Wakati huo wataalamu walijua sehemu mbili tu, nao waliamini hakuna nyingine. Ili kuzitenganisha walitumia umeme na maji yenye uchachu maalumu. Siku hiyo Hunter hakutengeneza maji mapya. Alitumia yale ya zamani, ambayo uchachu wake ulikuwa umebadilika kidogo. Alipotazama, aliona doa mahali ambapo halikutarajiwa.

Wangapi kati yetu wangesema, "Nimekosea, nianze upya"? Yeye hakulitupa doa lile. Alijiuliza ni nini, akalifuatilia, akagundua sehemu ya tatu ya kubandikia fosfeti, iitwayo tairosini. Kwa maji mapya doa hilo lingejificha chini ya jingine, asilione kamwe. Baadaye yeye na wenzake wakavichunguza vile virusi vya kuku, wakakuta kazi ni ileile: protini ya virusi ilikuwa ikibandika fosfeti kwenye tairosini bila kukoma. Lile jiko lililokwama likawa limeonekana.

Leo inajulikana kwamba mwili wa binadamu una protini 90 za aina hiyo ya kubandika fosfeti kwenye tairosini. Nyingi hufanya kazi yake kwa utaratibu, lakini baadhi zikiharibika huleta saratani. Kujua hivyo kumewawezesha wataalamu kutengeneza dawa za kuzizuia. Mwaka 2001 Marekani iliidhinisha vidonge vya imatinib kwa aina moja ya saratani ya damu inayokua polepole. Wagonjwa wengi ambao zamani wangeishi miaka michache tu sasa wanaishi miaka mingi wakimeza dawa yao kila siku.

Na titi je? Protini mojawapo ya jamii hiyo huitwa HER2, nayo hukaa juu ya chembe. Katika saratani za matiti kama 15 hadi 20 kati ya kila 100, protini hii huwa nyingi kupita kiasi, na uvimbe hukua kwa kasi. Dawa ya sindano iitwayo trastuzumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, huishika HER2 na kuizuia. Lakini haimsaidii mama ambaye uvimbe wake hauna HER2 nyingi. Ndiyo maana ni lazima kinyama cha uvimbe kipimwe kwanza. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa hizi mbili katika orodha yake ya dawa muhimu. Hata hivyo bei yake bado ni mzigo mkubwa kwa familia nyingi, nasi hatutaki kumdanganya mtu.

Kwa hiyo tunawasihi mambo matatu. Kwanza, jichunguze. Ukiona uvimbe hata kama hauumi, chuchu iliyoanza kuingia ndani, damu ikitoka kwenye chuchu, au ngozi iliyokuwa kama ganda la chungwa, nenda hospitali wiki hiyohiyo. Uvimbe mwingi si saratani, lakini hutajua kwa kukaa nyumbani. Pili, ikithibitishwa kuwa ni saratani, muulize daktari bila woga: "Ni ya aina gani? HER2 imepimwa?" Tatu, mwambie mumeo au ndugu unayemwamini. Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua.

Tulirudi kumwona mwenzetu baada ya wiki mbili. Safari hii tulimweleza habari za jiko lililokwama. Alitusikiliza kimya, kisha akasema, "Kumbe hakuna aliyenitupia kitu." Mumewe, aliyekuwa amekaa pembeni, akainamisha kichwa akasema, "Mama, kwa nini hukuniambia?" Majibu ya kinyama bado anayasubiri, nasi tunamwombea. Miezi minane hatuwezi kumrudishia. Lakini wewe unayesoma ukurasa huu huenda una siku mbili tu tangu uliposhika kitu kigumu ukioga. Usianze kumtafuta mchawi. Kesho asubuhi jifunge khanga yako uende.

Hadi mwezi ujao, tukutane tena.